Mianya Kumi na Minne

Jumapili, 1 Februari

Asubuhi nyuzi 29 chini ya sifuri. Upepo wa kaskazini magharibi. Anga safi, jua limetoka na vijua viwili vya uongo pembeni yake, dalili kwamba baridi haina haraka ya kuondoka.

Habari kubwa. Mtambo wa kupasha joto ukumbi wa kanisa umekufa. Kipuri kinatoka Winnipeg na kitachukua wiki mbili. Bibi Nettie alitutangazia baada ya misa, fimbo mkononi, kofia ya manyoya kichwani. Ana miaka themanini na sita na amekuwa mkuu wa pirohi wa parokia hii tangu mimi nina meno ya utoto. Karamu ya kabla ya Kwaresima ni tarehe 14. Pirohi lazima ziwe tayari, dazeni mia mbili kama kila mwaka: vifuko vya unga, viazi na jibini ndani, kingo zimebanwa kwa vidole. Kubana ni Jumamosi hii. Mahali hakuna.

Kahawa haijapoa, Verna Shewchuk akasema tuje kwake. Gereji yake ina mabomba ya maji moto chini ya sakafu. Ina makabati meupe. Ina televisheni. Alisema tukipenda tutabana pirohi miguu mitupu. Kina mama wakashusha pumzi kama watu walioonyeshwa bahari.

Ndipo nikasikia sauti ikisema kwamba kwa Verna ni kilomita kumi na moja nje ya mji, barabara imefunikwa na theluji, na kwamba gereji ya Orysia na Metro iko hatua sitini kutoka kanisani na ina joto zuri tu. Sauti ilikuwa yangu. Hatua sitini ni kweli. Nimezihesabu.

Niandike sababu, maana shajara hii haisomwi na mtu. Nimemenya viazi miaka kumi na miwili. Mwaka 2014 pirohi zangu arobaini zilifunguka ndani ya sufuria, mbele ya Padri, zikawa supu. Tangu siku hiyo nikivuka tu kizingiti cha ukumbi Bibi Nettie husema, bila hata kuinua macho, "Orysia, viazi." Naenda kwenye kona, karibu na sinki. Verna anakaa katikati ya meza, pete zake zimepangwa kwenye kisahani, anabana dazeni nne kwa robo saa na anapata umbea wote ukiwa moto. Kwenye kona unafika umepoa.

Lakini ndani ya gereji yangu, kwenye meza yangu, nani atanituma viazini?

Bibi Nettie amekata shauri. Alhamisi saa kumi jioni atakuja na kipimajoto chake. Donge la unga linataka nyuzi kumi na nane. Zikifika, ni kwangu. Zisipofika, ni kwa Verna.

Saa nane mchana nimepima. Gereji: nyuzi 11 chini ya sifuri. Pungufu nyuzi ishirini na tisa. Siku ni nne. Hesabu haitishi.

Nimemweleza mume wangu Metro wakati wa supu. Swali lake lilikuwa moja: pikapu italala wapi. Ni ya mwaka 1991 na haijawahi kulala nje msimu wa baridi. Nikamwambia ilale nje na waya wa kupasha injini, kama magari ya watu wengine wote wa mkoa huu wa Manitoba. Alinitazama kama nimependekeza yeye ndiye alale nje. Tumekubaliana inakaa ndani hadi Ijumaa jioni. Jumamosi anaihitaji, ana fainali ya mchezo wao wa kusukuma mawe kwenye barafu, mji wa pili.

Jumatatu, 2 Februari

Nyuzi 31 chini ya sifuri. Upepo uleule.

Leo ni sikukuu ya mishumaa. Asubuhi misa, Padri akabariki mishumaa, nami nikautembeza wangu hadi nyumbani ukiwaka ndani ya mkebe wa kahawa, kama alivyofanya mama yangu. Mshumaa huu huwekwa kuwashwa siku za radi.

Radi zinakuja mwezi wa sita. Mimi nina shida ya leo.

Nimeingia nao gerejini, nikauzungusha polepole ukutani. Moto ukisimama wima, hakuna mwanya. Ukilala, upo. Kila ulipolala nikaweka namba kwa chaki. Mwanya wa 1, fremu ya dirisha la mashariki. Wa 2, dirisha hilohilo, chini. Wa 6, tundu la waya wa simu tuliyoikata mwaka 2009. Wa 11, mlango mdogo wa pembeni, kizingitini, pale ambapo maji ya mvua hukusanyika kila majira ya joto kwa sababu uwanja wetu umeinamia upande huo. Wa 14 ni chini ya mlango mkubwa, kona ya kushoto, ambapo baridi imeinua zege na kuacha nafasi ya vidole viwili. Hapo mshumaa ulizimika mara tisa.

Jumla kumi na minne. Nimechora ramani.

Metro alinikuta nimepiga magoti na mshumaa wa baraka chini ya gari lake, akauliza kama ninaliombea. Nikamweleza utaratibu. Akasema mshumaa ule ni wa radi. Kisha akatazama juu, kwenye mabati matupu ya paa, akasema joto hupanda, ningeanza huko. Nikamwambia baridi ni nzito, huingia kwa chini, na ushahidi ninao kwa namba. Juu hakuna hata mwanya mmoja wenye namba. Akakubali kwamba juu hakuna namba. Hajui kubishana na vipimo.

Nalala saa tatu na nusu, nimeridhika.

Jumanne, 3 Februari

Nyuzi 30 chini ya sifuri. Ukungu wa barafu mpaka saa nne.

Duka la vifaa, saa tatu asubuhi. Mpira wa kuziba milango mita kumi na mbili. Mirija minne ya gundi nyeupe. Plastiki ya mapovu, bunda kubwa. Kwenye kona ya misumari, Verna! Hakuwa na kitu mkononi. Ana gereji yenye mabomba, anatafuta nini kwenye misumari? Akachungulia kikapu changu, akauliza kwa huruma kama napigana na panya. Nikasema napamba. Akasema ahaa. Ile ahaa nimetembea nayo mpaka nyumbani.

Kazi ya leo: mianya ya 1 hadi ya 13 imezibwa. Madirisha yamefungwa plastiki ya mapovu, mwanga unaingia kama ndani ya maziwa. Nimeshona mifarishi saba, mmoja kwa mwingine, nikaitundika nyuma ya mlango mkubwa. Mmoja ni wa harusi yetu. Metro aliugundua kwa mabata yaliyoshonwa juu yake. Akasema sawa, angalau mabata yataona gari.

Kisha nje. Baba yangu alizungushia nyumba ya shamba theluji kila mwezi wa kumi na mbili, mpaka usawa wa dirisha, na ndani hatukuganda. Nimechota na koleo kwa muda wa saa mbili na nusu. Ukuta wa kaskazini sasa una kiuno cha theluji.

Saa kumi na moja nimewasha hita kubwa ya umeme, ile ya kutengenezea trekta, na ile ndogo ya bafuni kwa pamoja. Nyumba nzima ikazimika. Metro alikuwa anatazama hoki kwenye televisheni, kipindi cha tatu, mabao mawili kwa mawili. Nimerudisha swichi, nimeacha hita kubwa peke yake.

Saa mbili usiku: nyuzi 4 juu ya sifuri. Juu!

Kwenye mabati kumeota maua ya barafu, membamba, meupe, kama lesi. Mazuri sana.

Jumatano, 4 Februari

Nyuzi 33 chini ya sifuri. Hakuna upepo. Moshi wa kila nyumba umesimama kama nguzo.

Asubuhi gerejini nyuzi 9. Saa sita, 9. Saa nane, 9. Joto lote linatoka kwenye mwanya wa 14. Mpira haujai pale. Nimejaribu matambara, nimejaribu soksi za Metro zilizojazwa mchanga. Mshumaa ukalala kila mara.

Saa tisa nikiwa nasuuza ndoo nje, maji kidogo yakanimwagikia buti. Kabla sijafika mlangoni buti limekuwa jiwe.

Nilisimama pale nikilitazama.

Kuna kitu gani Manitoba ambacho ni cha bure, hakiishi, kinaingia kwenye kila tundu kikiwa laini, kisha kinakuwa kigumu kuliko zege? Nimechanganya theluji na maji kwenye ndoo mpaka ikawa kama uji, nikaisindilia chini ya mlango mkubwa kutoka nje kwa mwiko wa keki. Kona ya kushoto kwanza. Kisha, kwa kuwa uji ulibaki, mlango wote kutoka pembe hadi pembe, na kidogo pembeni. Dakika kumi. Nikaugonga kwa nyundo. Nyundo ikaruka.

Ndani nimewasha mshumaa kwenye namba 14. Moto umesimama wima kama mwanajeshi.

Metro alikuwa kwenye mazoezi ya mawe, jirani yetu Lorne alimpitia. Aliporudi sikumwambia. Nataka aone matokeo kwanza.

Saa mbili usiku nyuzi 14. Nimepiga deki sakafu yote kwa maji moto ili ing'ae. Maua ya barafu juu yamenenepa, sasa ni kama manyoya ya kondoo. Nalala saa tatu kasorobo, sijawahi kujisikia vizuri hivi tangu Krismasi.

Alhamisi, 5 Februari

Nyuzi 32 chini ya sifuri. Jua kali lisilo na kazi.

Saa mbili asubuhi simu. Verna. Alisema alikuwa anapita tu. Kutoka kilomita kumi na moja, anapita tu! Akasema, kwa sauti ya mtu anayekuarifu kuhusu msiba, "Dada, paa lako liko uchi."

Nikatoka nje. Kweli. Mapaa yote ya mtaa meupe, manene, na katikati yao la gereji yetu, bati tupu linang'aa, vijiti vya barafu urefu wa mkono vinaning'inia ukingoni. Mji huu unasoma mapaa kama gazeti. Paa lisilo na theluji maana yake joto la mwenye nyumba linaenda mbinguni kabla yake. Na Bibi Nettie anakuja saa kumi.

Ngazi. Ndoo. Safari ishirini na sita. Theluji ya kupanda nayo nilichota kwa uangalifu upande wa nyuma ili isijulikane imetoka wapi. Lorne alitoka na koleo lake refu la kuteremshia theluji ya paa, kazi anayoifanya kila wiki kwa miaka arobaini. Akasimama. Akanitazama nikipanda na ndoo iliyojaa na kushuka na ndoo tupu. Baada ya safari ya nne akauliza kama nahitaji ya kwake, anayo nyingi. Nikasema asante, ya kwangu inatosha.

Saa tisa na nusu paa jeupe. Si sawasawa, lakini jeupe.

Saa kumi Bibi Nettie aliingia kwa mlango mdogo, Verna nyuma yake kama shahidi wa mahakama. Akachomoa kipimajoto cha jamu kutoka mfuko wa koti, akakitundika kwenye kioo cha pembeni cha pikapu. Tukasubiri. Akaangalia mifarishi, akaangalia ramani ya mianya ukutani.

Nyuzi 17.

Verna alianza kufunga skafu yake. Nikasema, jamani, chai kwanza, mtatokaje na baridi hii bila chai. Nikawasha jiko dogo la gesi, birika likachemka, nikaliacha likachemka tena. Nikamwita Metro na mbwa, watu na wanyama wana joto lao. Nikasahau kufunika birika. Nikachemsha la tatu. Kioo cha gari kikafifia kwa mvuke. Verna akasema mvuke si joto, huo ni udanganyifu. Bibi Nettie akafuta kipimajoto kwa kidole gumba, akakisogeza karibu na macho.

"Kumi na nane," alisema. "Donge la unga haliulizi joto limetoka wapi."

Kwangu! Jumamosi, saa tatu asubuhi. Kwangu!

Nimefanya mazoezi ya kubana jioni hii, kwa unga kidogo. Pirohi sita. Sikuzichemsha, sitaki kuharibu siku.

Ijumaa, 6 Februari

Nyuzi 30 chini ya sifuri. Mawingu membamba.

Mchana umekuwa mzuri. Meza tatu, vitambaa vya meza, trei arobaini kutoka kanisani. Kilo hamsini za viazi zimeletwa na Lorne. Nimeziweka kona ya mbali kabisa, karibu na matairi, na sikuzitazama tena.

Saa kumi na mbili jioni Metro akaja kutoa pikapu. Akasogeza mifarishi kwa heshima, akabonyeza kitufe cha kufungulia mlango mkubwa. Mota ikaguna. Mlango haukutikisika. Akabonyeza tena. Mota ikaguna zaidi, kukawa na harufu ya nywele zinazoungua, kisha kimya. Akatoka nje na tochi. Alikaa huko muda. Akarudi.

"Orysia. Umefanya nini na mlango?"

Nikasema nimeuziba. Akauliza kwa kitu gani. Nikasema kwa theluji na maji. Akauliza mlango huo ulitakiwa kufungukaje. Hilo, nikiri, halikuwa kwenye ramani.

Hakukasirika. Alipiga kwa patasi robo saa, akatoa kipande cha ukubwa wa kitunguu, akakiweka mezani jikoni, mbele yangu, kwenye kisahani. Kisha akampigia Lorne kuomba nafasi kwenye gari kesho. Baadaye alisema, bila mtu kumwuliza, kwamba angalau pikapu hailali nje. Namjua mume wangu. Amefurahi.

Tatizo dogo la nafasi: meza tatu, wanawake kumi na wawili, na pikapu ya 1991 katikati.

Jumamosi, 7 Februari

Nyuzi 31 chini ya sifuri. Naandika nikiwa nimechoka vibaya, lakini lazima niandike kwa mpangilio.

Saa tatu walifika wote, mmoja mmoja kwa mlango mdogo. Walilikuta gari na hakuna aliyeshangaa, wote wana waume. Baada ya dakika tano lilikuwa meza bora kuliko meza. Trei kwenye sanduku la nyuma, unga juu ya boneti, makoti ndani. Hita ikifanya kazi yake. Nyuzi 19! Kina mama wakavua sweta.

Bibi Nettie alikaa mwisho wa meza. Akatazama pande zote. Nilikuwa nimejikalisha tayari, katikati, mkabala na Verna, pete zangu kwenye kisahani. Moja. Nina moja. Macho yake yakafika kwangu, yakakaa. Nikaweka mikono juu ya meza yangu mwenyewe. Hakusema viazi. Alimtuma mtu mwingine!

Kwa muda wa saa moja na dakika kumi nimekaa pale. Nimesikia kwa mara ya kwanza umbea ukiwa moto. Binti wa mwokaji anaolewa na mtu wa Saskatchewan. Verna anasema hapendezi, lakini ana trekta mpya. Nimecheka mahali panapotakiwa kuchekwa. Nimebana pirohi arobaini na tatu.

Kwenye kona sufuria mbili kubwa za viazi zilikuwa zinachemka kwenye majiko ya gesi, na ya tatu ya kujaribia pirohi. Mvuke ukapanda vizuri, ukapotea juu. Sikuutazama ulikopotelea.

Saa nne na dakika ishirini tone likamwangukia Verna shingoni. Akapapasa. La pili likaanguka kwenye unga. La tatu kwenye miwani ya Bibi Nettie. Tukatazama juu. Manyoya ya kondoo ya wiki nzima, kutoka ukuta hadi ukuta, yalikuwa yamegeuka kijivu na kuanza kumeremeta. Kisha ikanyesha. Si matone. Mvua! Nyuzi 31 chini ya sifuri nje, na ndani kina mama kumi na wawili wananyeshewa juu ya donge la unga. Hakuna mwenye mwavuli. Nani Manitoba ana mwavuli mwezi wa pili?

"Orysia, mama," alisema Verna, maji yakimtiririka kwenye nyusi, "gereji yako imepata masika."

Kuna aliyeanza kucheka. Nadhani ni mke wa Lorne. Halafu wote. Nikasema tatizo ni dogo, niongeze hita, itakauka. Bibi Nettie akagonga fimbo sakafuni.

"Zimeni hiyo hita. Fungueni mlango."

Nikajaribu kueleza kuhusu namba 11, kazi niliyoifanya kwenye kizingiti kile, mpira wa mita nzima. Walishafungua. Baridi ikaingia kama mgeni aliyekaribishwa. Baada ya dakika chache maji ya mabatini yakaganda, matone yakabaki yakining'inia, mvua ikakatika. Mifarishi ikashushwa ikawa paa juu ya meza, imefungwa kwenye ngazi na kwenye kioo cha gari. Makoti yakarudi, kofia zikarudi. Nyuzi 6, vidole kwenye unga, miguu ikicheza chini ya meza. Bibi Nettie akasema mama yake alibania kwenye baridi kali kuliko hii na hakuna pirohi iliyolalamika. Mtu akaanza wimbo. Verna alikalia kiti cha dereva, trei mapajani, akabana humo hadi saa nane, na nilimsikia kwa masikio yangu akisema sakafu ya joto humfanya mtu asinzie.

Dazeni mia mbili na tatu. Rekodi ya parokia.

Sasa la mimi. Saa tano Bibi Nettie alichukua pirohi kumi kutoka trei yangu, akazitia kwenye sufuria ya kujaribia. Tulisimama tukitazama. Sita zilifunguka. Akanigusa kiwiko na kijiko cha mbao, kwa upole kweli, akasema, "Orysia, viazi."

Nikaenda. Lakini niweke kumbukumbu sawa: nne hazikufunguka. Mwaka 2014 haikubaki hata moja.

Pirohi zimeachwa gerejini juu ya trei, hita imezimwa. Bibi Nettie anasema gereji ikipoa ndiyo friza bora kuliko zote. Kesho baada ya misa kina mama watakuja kuzitia kwenye mifuko. Metro na wenzake wamekuwa wa nne. Timu zilikuwa nne. Amekula sahani mbili.

Nalala saa mbili na nusu.

Jumapili, 8 Februari

Nyuzi 34 chini ya sifuri. Vijua viwili tena, vinang'aa kama vimesuguliwa.

Niliamka na wazo zuri na la upendo. Metro anahitaji pikapu yake. Barafu inaogopa nini? Joto. Kabla ya misa nimechemsha maji kwenye kila sufuria ya nyumba, ndoo nane, nikayamwaga chini ya mlango mkubwa, pembe hadi pembe. Mvuke ukapanda mpaka sikuona mkono wangu. Barafu ikalia, ikapasuka. Nikasema moyoni, tukirudi mlango utafunguka kwa kidole. Nikaenda kusali.

Saa saba mchana tulirudi kumi na wawili, mifuko mikononi. Metro akabonyeza kitufe. Mota haikuguna hata. Barafu ya mlango mkubwa sasa ni nene maradufu na laini kama kioo. Tukazunguka kwenye mlango mdogo. Maji yangu yalifika kabla yetu. Uwanja unainamia upande ule, niliandika mwenyewe Jumatatu. Yalikwenda yote, yakakusanyika kizingitini, yakapanda kidogo kwenye mpira mpya wa mwanya wa 11, yakalala. Ufunguo ulizunguka vizuri. Mlango haukuwa na habari.

Dazeni mia mbili na tatu ndani. Karamu Jumamosi. Madirisha nimeyapiga gundi mimi mwenyewe, mirija minne.

Tulisimama. Pumzi zetu zikapanda. Bibi Nettie alisogea, akapitisha mkono wenye glovu kwenye ukingo wa mlango, kutoka juu mpaka chini, polepole, kama anavyokagua pirohi. Akagonga kwa fimbo mara mbili.

"Miaka kumi na miwili nakudhulumu," alisema. "Kumbe unajua kuziba."

Kisha akacheka mpaka ikabidi Verna amshike mkono. Akasema ziko salama, hazitaharibika, na mimi ninazo siku sita.

Sifa! Mbele ya watu wote! Nimeirudia kwa Metro mara tatu wakati wa chakula. Yeye anatafuna.

Nimewasha mshumaa jioni na kuuzungusha gereji nzima kwa nje, mianya yote kumi na minne. Wima. Wima. Wima. Hakuna gereji iliyozibwa hivi katika mkoa huu. Ndani kuna nyuzi ngapi sijui, kipimajoto kiko ndani.

Metro anasema tatizo ni maji. Nimelifikiria kwa utulivu na naona tatizo lilikuwa uchache wake. Ndoo nane hazitoshi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, ndoo kumi na sita, nianzie mlango mdogo. Sufuria zimepangwa jikoni kwa ukubwa. Lorne amekubali kuniazima ya kuchemshia mahindi.

Nalala saa tatu na dakika ishirini.